Mdomo wa mbwa au paka haupaswi kunuka

Wengi tumezoea kusema mdomo wa mbwa ndivyo ulivyo, lazima unuke. Si kweli. Ule uvundo unaokufanya ugeuze uso anapokulamba mara nyingi hutoka kwenye fizi zinazougua. Nimefuga mbwa na paka tangu utotoni, na kila anayeniomba ushauri humwambia jambo moja kwanza: kila wiki uinue mdomo wa juu wa mnyama wako, utazame ndani.

Anza na magego ya juu, upande unaogusana na shavu. Huko ndiko uchafu hujaa zaidi. Utando laini hujitanda juu ya meno kila siku, na usipofutwa, madini ya kwenye mate huugeuza kuwa ukoga mgumu ndani ya siku chache tu. Ukishakuwa mgumu, mswaki hauufui dafu. Fizi iliyo nyekundu pembeni mwa jino bado inaweza kupona ikisafishwa mapema. Ikishaachana na jino na mfupa ukaanza kulika, kilichopotea hakirudi.

Mbwa wangu mmoja alivimba chini ya jicho. Majirani wakasema kaumwa na nyigu. Uvimbe ukapasuka, ukatoa usaha, ukafunga, kisha ukarudi. Sindano za antibayotiki ziliutuliza kwa muda tu. Daktari wa mifugo aliyetusaidia hata hakuhangaika na jicho: alimfunua mdomo akatuonyesha gego kubwa la juu lililopasuka. Mizizi ya gego hilo hufika karibu na chini ya jicho, ndiyo maana usaha ulipata njia pale. Lilipong'olewa, kidonda kilikauka moja kwa moja. Tangu hapo mbwa wangu hawapewi mifupa migumu wala pembe za ng'ombe. Mifupa iliyopikwa ni mibaya zaidi, maana humeguka vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo.

Paka huficha maumivu kuliko mbwa. Atakimbilia sahani kwa njaa, aguse dagaa, halafu aruke nyuma kama ameungua. Mwingine hutafuna kwa upande mmoja, hudondosha udenda, au huacha kujilamba mpaka manyoya yakashikamana. Paka pia wana ugonjwa wa jino kulika lenyewe, mara nyingi pale linapokutana na ufizi. Huo hauponi kwa mswaki. Jino hilo hung'olewa. Usiogope kung'olewa meno kwa paka wako: hata asiye na jino hata moja hula vizuri, tena kwa furaha, maumivu yakishaondoka.

Kupiga mswaki kunawezekana, hasa ukianza angali mdogo. Tumia mswaki laini wa mtoto au kitambaa chenye maji ulichokizungushia kidoleni, usugue upande wa nje tu. Kila siku ndiyo bora. Dawa ya meno ya binadamu usitumie: mnyama hawezi kutema, na baadhi yake zina zailitoli, sukari mbadala inayoweza kumuua mbwa. Vilevile usimpe vidonge vyako vya maumivu. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka.

Ukoga ukishaganda, mpeleke akasafishwe chini ya nusu kaputi. Najua watu wanaiogopa, na wapo wanaojitolea kumkwangua mnyama akiwa macho kwa bei nafuu. Jino litang'aa kweli, lakini ugonjwa uko chini ya ufizi, na huko hakuna mnyama aliye macho atakayekubali uingize chuma. Kabla ya kukubali, muulize daktari kama atampima damu kwanza, kama anaweza kupiga eksirei ya meno, na nani atakayeangalia pumzi na mapigo ya moyo muda wote amelala. Akikujibu bila kusitasita, mwachie mnyama wako.