Mpe klapa, asitumwe chai

Swali la wiki hii: mwandishi wa riwaya anayetaka mhusika kijana, msaidizi mgeni katika utengenezaji wa filamu, ampe kazi gani? Wengi watamtuma chai. Chai haina cha kuharibika. Mpeni klapa, ule ubao wenye mkono unaogongwa kabla waigizaji hawajaanza.

Kamera na kinasa sauti hurekodi kila kimoja kivyake. Mkono ukigonga, picha inabaki na fremu moja, yaani picha tuli moja, ambamo mkono umegusa ubao, na sauti inabaki na mshindo mmoja. Mhariri hulinganisha hivyo viwili. Filamu ikienda fremu 24 kwa sekunde, zikipishana chache tu, midomo na maneno vinaachana.

Kijana husubiri fundi sauti aseme inanasa na kamera iwe imewaka. Ndipo anasoma, “Onyesho la 12A, teki ya 3,” yaani mara ya tatu kurekodi, anatulia kidogo, anagonga mara moja, anatoka haraka bila kukatiza mbele ya lenzi, kisha anaganda palepale. Katika herufi kama hiyo A ya 12A, I na O kwa kawaida hurukwa, zisidhaniwe 1 na 0.

Utamu wa hadithi uko kwenye makosa. Akigonga ubao ukiwa nje ya picha, hana budi kutangaza “klapa ya pili” na kurudia, la sivyo mhariri hajui ashike mshindo upi. Mwigizaji akiwa karibu na lenzi, machozi yameanza kumlenga, kijana agonge polepole. Akibamiza, machozi yanakauka na mwongozaji anamtazama kwa jicho baya. Ikiwa hakuwahi kugonga mwanzoni, hugonga mwishoni, ubao ukiwa umepinduliwa juu chini. Kama hakuna sauti inayonaswa, anashika klapa vidole vikiwa katikati ya mkono na ubao, mhariri asihangaike kuitafuta.

Baya kuliko yote halipigi kelele: kusahau kufuta 3 na kuandika 4. Teki mbili zinabeba namba moja, na taarifa ya msimamizi wa skripti, anayeandika kumbukumbu za kila teki, inasema vingine. Kwenye seti huenda asishtuke mtu. Mwongozaji anaichagua teki ya 4, na mhariri anakuta haipo, waigizaji wakiwa wameshatawanyika. Kosa hilo liwekwe sura ya tatu, ligundulike sura ya ishirini.