Kifafa: picha ya ubongo haipigi ramli

*Daktari, kijana wangu wa miaka 19 huanguka kifafa usiku. Tumeagizwa MRI na tunachangisha pesa. Itaonyesha kama anaweza kufia usingizini? Mama, Kayole.*

Pole, mama. Haitaonyesha. MRI hiyo, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, inatafuta chanzo: kovu, uvimbe, au mabuu ya tegu wa nguruwe ubongoni, na ni vizuri apigwe. Ni kweli watafiti wamelinganisha picha za waliokuja kufa ghafla na za wenzao wenye kifafa. Mwaka 2015 walikuta tofauti za ukubwa kwenye hipokampasi na amigdala za upande wa kulia, na kwenye thalamasi, sehemu za ndani ya ubongo zinazogusa upumuaji. Lakini hayo huonekana watu wakiwekwa kwa makundi. Ukiniletea filamu ya kijana wako peke yake, hapo sina la kukwambia.

Kinachotisha zaidi ni degedege la mwili mzima. Kila mwaka, kati ya watu wazima 1,000 wenye kifafa, karibu mmoja hufa ghafla namna hii. Anayepata degedege hilo mara 3 au zaidi kwa mwaka, hatari yake ni kama mara 15 ya asiyelipata. Kwa hiyo mimi ningeanza na dawa: anameza kila siku? Humwishia kabla ya mwisho wa mwezi? Na huo mchango, tafadhali, usimeze pesa ya dawa.

*MRI ya mke wangu imetoka safi. Aache dawa?*

Hapana, ndugu. Wengi wenye kifafa picha zao ni safi. Akiacha ghafla anaweza kupata degedege lisilokatika.

*Nalala chumba kimoja na kaka yangu, Githurai. Akishikwa usiku nifanye nini?*

Kwanza, endelea kulala humo. Kuwa na mtu chumbani kunapunguza hatari. Wengi waliokufa ghafla kwa kifafa walikutwa kitandani, kifudifudi. Mtukutiko ukipoa tu, mlaze ubavu, uso utoke kwenye mto. Kijiko mdomoni usitie. Sasa usirudi kulala, maana pumzi inaweza kukatika baada ya degedege, moyo ukafuata. Mwite jina, mtikise, tazama kifua kinapanda. Kisipopanda, ita majirani na uanze kukibonyeza katikati, kwa nguvu na kwa haraka. Degedege likipita dakika 5, hospitali.

*Povu lake linaambukiza?*

Haliambukizi. Mfute.