Kabla hujalipia hiyo PSP Go

Ndugu, umeuliza kama umchukulie mwanao PSP Go, ile mashine ya Sony ya kuchezea gemu mkononi, ya mtumba uliyoiona pale Moshi mjini. Mimi nakushauri uiache. Sony waliitoa mwaka 2009 bila sehemu ya diski kabisa. Kila gemu lazima lishushwe mtandaoni. Siku hizi huwezi tena kununua gemu kupitia mashine yenyewe. Aliyenunua zamani ana magemu kwenye akaunti yake, na akaunti hauziwi wewe. Ukiikuta tupu, umenunua ganda.

Muulize muuzaji kama ana PSP 3000. Hiyo inasoma UMD, yaani diski ndogo za gemu, na diski ni mali yako: mtoto akiichoka anabadilishana na wenzake, au mnaiuza. Iwashe palepale dukani, uweke diski, usikilize. Ikikwaruza na gemu lisifunguke, lenzi imechoka. Toa na betri. Ikiwa imevimba, usiichukue hata kwa bei ya kutupa, hiyo ni hatari kwa mtoto.

Nintendo 3DS, mashine nyingine ya mkononi, nayo inafaa. Duka lake la mtandaoni lilifungwa Machi 2023, lakini kadi zake za gemu bado zinacheza bila bando.