Jibu: Chujio la osmosisi kinyume linamwaga maji usiku kucha

Habari ndugu. Umesema chujio lako, hili linalosukuma maji kwa presha kupitia utando mwembamba unaobakiza chumvi, linatoa lita 4 za maji taka kwa kila lita 1 safi, na mrija wa maji taka haunyamazi hata tangi likijaa.

Anza na huo mrija. Funga vali ya tangi, subiri kama dakika 15, usikilize. Ukiendelea kutiririka, vali ya kujifunga yenyewe au ile ya kuzuia maji kurudi nyuma imechoka. Kwangu ilikuwa hii ya pili, kidude kidogo kabisa, nami nilishabadilisha vichujio vyote bure.

Ukinyamaza, pima presha ya maji yanayoingia. Ikiwa ndogo, maji mengi huishia taka. Pampu ya kuongeza presha husaidia. Usiubane mrija kwa mkono, tafadhali: chumvi itaganda kwenye utando na kuuharibu mapema.

Maji taka yanayobaki kinga kwenye ndoo. Mimi nadekia na kumwagia choo. Kwa mimea, kwa uwiano wako chumvi imepanda kama robo tu kuliko maji ya bomba, kwa hiyo mingi itavumilia ikiwa bomba lenyewe halina chumvi nyingi. Lakini ukifikia lita 1 kwa 1, chumvi inakaribia maradufu, hapo yaachie sakafu.