Gundi ya mimea: maswali yenu wiki hii

*Natengeneza mifuko ya kaki, Kariobangi. Gundi yangu ya muhogo ina madonge, na mifuko hupinda ikikauka. Natumia kikombe cha unga na maji kiasi.*

Dada, kiasi gani? Kila wiki naandikiwa "kiasi". Nunua mizani. Pima gramu 100 za wanga wa muhogo, ule mweupe laini, si unga wa muhogo wenye nyuzi. Ukoroge kwenye mililita 200 za maji baridi usibaki mkavu hata kidogo. Tokosha mililita 700 za maji mengine, punguza moto, kisha mimina wanga ulioukoroga kidogo kidogo huku mwiko ukizunguka. Wanga mkavu ukiangukia maji moto huiva nje na kujifunga, ndani unabaki unga. Hayo ndiyo madonge yako. Uji ukiacha weupe, ukang'aa na kuvutika, hesabu dakika 3 uepue. Wanga huu huiva kwenye nyuzi 60 hadi 70, kwa hiyo moto mkali hauna faida: ukitokota mno chembe hupasuka na gundi inakuwa majimaji. Funika ipoe bila utando.

Mifuko inapinda kwa sababu unapaka nene. Karatasi hunywa maji upande mmoja, hutanuka, halafu hujikunja ikikauka. Paka nyembamba, kisha kandamiza kwa uzito mpaka ikauke.

*Unga wa ugali je?*

Hapana. Nimeshajibu hapo juu: wanga laini, si unga.

*Siku ya tatu gundi inachacha na kuota ukungu. Fundi mmoja kaniambia nitie mrututu.*

Mrututu, yaani salfeti ya shaba, huzuia ukungu kweli, lakini ni sumu. Mfuko wako kesho utabeba mandazi, na daftari lako litashikwa na mtoto. Usiutie. Pika ya leo leo, osha sufuria, wala usichanganye mpya na ya jana. Lazima ikae? Tia gramu 1 ya sodiamu benzoeti, kihifadhi cha vyakula, kwa lita, pamoja na siki, maana bila uchachu benzoeti haifanyi kazi. Friji haisaidii sana: gundi ya wanga wa mahindi hasa huganda humo na kutoa maji.

*Nimeletewa utomvu wa mgunga kutoka Turkana. Niuchemshe?*

Usiuchemshe, utapoteza nguvu. Ponda gramu 100, loweka usiku kucha kwenye mililita 150 za maji vuguvugu, chuja kwa kitambaa, ongeza gramu 5 za gliserini ili gundi isipasuke kwenye bahasha. Vipande vinavyovimba bila kuyeyuka vimetoka mti mwingine, mrudishie aliyekuuzia.

*Mimi ni seremala. Gundi ya soya itashika meza ya nje?*

Haitashika. Marekani walibandika plaiwudi kwa soya tangu miaka ya 1920, na unyevu ndio ulioishinda; za nje zikahamia gundi za kiwandani. Soya tupu iache ndani ya nyumba, pakavu. Wanga usiujaribu kabisa kwenye meza hiyo: mvua ya kwanza ya Aprili itaufungua.