Kundi likikaa kimya, wasomee kwa sauti

Mdogo wangu, umesema kila wiki unatuma picha za majalada ya vitabu na michoro kwenye kundi lenu la WhatsApp, na hakuna anayejibu. Pole, inavunja moyo.

Jalada halimwambii mtu kwa nini kitabu kilikunyima usingizi. Soma kipande kifupi kwa sauti, rekodi, tuma. Mimi nilianza na Utendi wa Mwana Kupona, wosia ambao mama wa visiwa vya Lamu alimtungia binti yake mwaka 1858. Beti nne tu, nimezisomea jikoni, mfuniko wa sufuria unasikika ukigonga. Shangazi yangu aliyeko Muscat akajibu usiku uleule kwa beti alizofundishwa na bibi yake. Miaka yote hiyo sikujua kwamba anazo kichwani!

Kwa michoro, eleza ilivyotengenezwa. Mchoraji wa Tanzania, Edward Saidi Tingatinga, alifanyia kazi yake jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za baiskeli juu ya mbao nyembamba. Ukishasema hivyo, tuma picha ya karibu ya madoa ya chui kwenye mchoro wake. Watu wataikuza wenyewe.

Ila nakusihi, usisambaze PDF za vitabu vizima vya waandishi walio hai. Wanaishi kwa kazi hiyo. Taja duka ulikonunua.

Na uliza swali ambalo kila mtu ana jibu lake: khanga ya bibi yako iliandikwa nini?