Jibu: Kiingereza kupitia michezo

Ndugu, umeuliza kama mdogo wako wa kidato cha pili, anayelala na kuamka na mpira, anaweza kujifunzia Kiingereza humo humo. Anaweza, tena vizuri sana.

Anzeni na "kushinda". Sisi tunacho kitenzi kimoja, Kiingereza kinavyo viwili. Ukiishinda timu ni "beat". Ukishinda mechi au kombe ni "win". Kwa hiyo "Simba won Yanga" ni kosa, nami hulikuta kwenye madaftari kila muhula. Sahihi ni "Simba beat Yanga", na hiyo "beat" haibadiliki hata kwa wakati uliopita.

Halafu nyakati. Mpe Kipchoge: "He has won two Olympic marathons" ni kama -me- yetu, mwaka hautajwi. Ukitaja mwaka, ingia kwenye -li-: "He won in Rio in 2016." Kila akimaliza kutazama mechi aandike sentensi tano, azisome kwa sauti.

Mpira huenda na "play", kuogelea "go", karate "do". Hizo akariri tu. Akishaandika, ziweke hapa tumsahihishie.